Nilichonyamazia Kaburini kwa Mutwiri

Bado akili yangu inakataa, watu wangu. Jana tumemzika Mutwiri hapa Githongo, na leo asubuhi nimejipata nikimpigia simu kumuuliza kama amefungua duka.

Mmenijazia inbox, ati nilimpa rafiki yangu send-off ya heshima. Tafadhali wacheni. Kila nikisoma hizo message naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Wacha niwaambie huyo mtu alikuwa nani.

Tulikutana kwa ofisi ya chama cha kahawa, mimi accounts, yeye store. Siku moja walikuja wataalamu wa kuonja kahawa. Sisi wengine tulirudi kwa desk, lakini Mutwiri alibaki akiwaangalia wakivuta kahawa kwa kijiko kwa kelele, wakiizungusha mdomoni, kisha wakitema.

End month akanunua chupa ya whisky, akatuita kwake. Nikamiminiwa kidogo, nikaanza kutafuta soda. Akanipokonya glasi!

"Ai, Koome! Hii si dawa ya minyoo. Nusa kwanza."

Tukanusa. Tukavuta kwa kelele kama wale wa kahawa. Halafu jamaa akatema yake kwa kikombe cha plastiki, nikajua huyu amerukwa na akili. Ni nani Meru hii anatema pombe aliyonunua?

Ijumaa iliyofuata nilikuwa wa kwanza kubisha mlango wake.

Ile hobby iligeuka biashara kwa sababu ya mahari. Mnajua kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu, na siku hizi wazee wakipewa pombe ya asali wanachungulia kama kuna chupa nyuma yake. Kijana wa ofisi yetu alikuwa anaenda Muthara kuongea mahari, akamuuliza Mutwiri abebe whisky gani.

"Baba mkwe ni mtu wa makelele ama wa kunyamaza?"

"Wa kunyamaza. Na ni mkali."

Akamchagulia moja yenye harufu ya moshi. Huyo mzee alifungua, akanusa, akaita ndugu zake wote waje wanuse, na mazungumzo yakaenda vizuri ajabu. Jumatatu watu walijaa ofisini kutuuliza kuhusu whisky, na boss hakufurahia hata kidogo.

Tukaacha kazi, tukafungua duka Meru mjini. Baadaye tukaanza tasting kule Timau, mameneja wa mashamba wakiwa na makoti mazito, Mutwiri akiwafundisha kunusa na pua zimeganda. Alikuwa na furaha siku hizo, jameni.

Leseni ilitoka kwa jina lake peke yake. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikiulizwa nafanya nini kwa hilo duka nilikuwa nasema nimepitia tu kumsalimia rafiki.

Yeye alikuwa anacheka. "Wacha mzee wa kanisa atumie mlango wa nyuma. Si wenzake wote hupita huko?" Na ni ukweli. Wazee wenzangu walikuja kuchukua chupa za mahari na wakaondoka nazo zimefungwa kwa gazeti.

Sasa ajali. Mutwiri alikuwa anapeleka mzigo Timau wakati lori lilikatika breki likamjia upande wake. Nilipakia hilo gari pamoja naye asubuhi hiyo. Alikuwa amekunywa chai ya mama yake na hakuna kingine. Miaka yote hiyo sijawahi kumuona akimeza tone kabla ya kushika usukani.

Lakini jioni hiyohiyo mji ulikuwa tayari umeamua: muuza pombe, ajali, si unajumlisha tu?

Kamati ya mazishi ikanipa kazi ya kuongea kwa niaba ya marafiki. Mwenyekiti akanivuta kando. "Koome, hiyo story ya whisky tuachane nayo. Askofu atakuwa hapa. Sema tu alikuwa businessman."

Nikasema sawa. Hata sikubishana.

Nikashika mike nikasema Mutwiri alikuwa mchapa kazi, mpenda watu, businessman. Watu wakapiga makofi. Kisha mhubiri akasimama, akanyoosha kidole kwa jeneza: "Vijana, chupa inatumaliza!" Umati ukaitikia amina.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nikaangalia viatu vyangu. Na niseme yote: nadhani hata mdomo wangu ulisema amina.

Watu walipokuwa wakila, mama yake aliniita nyuma ya jikoni. Huyu ni mama wa kanisa kamili, hajawahi kuonja pombe maishani. Aliongea Kimeru, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Koome, mtoto wangu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Biashara, mama."

"Ya nini?"

Nikajifanya natafuta maji ya kunawa mikono.

"Mimi aliniletea chupa hapa, akaninusisha, akaniambia mama hii inanukia kama jikoni kwako. Tulicheka sana. Leo nilikuwa nangoja useme kazi yake, na kwamba hakuwa mlevi. Wale wengine wote wangesema, watu wasingeamini. Wewe mzee wa kanisa wangeamini."

Hakunifokea. Alinipatia sahani ya chakula akarudi kwa wageni. Sijui nilikula nini.

Basi nasema sasa, nimechelewa, na najua wengi wa kanisa letu wako hapa Facebook. Mutwiri hakuwa amelewa. Alikuwa muuza whisky, na fundi wa kuionja kuliko yeyote ninayemjua. Na lile duka ni letu sisi wawili tangu siku ya kwanza. Mkitaka kunitoa kwa uzee wa kanisa, Jumapili nitakuwa kwa kiti changu.

Mutwiri, ndugu yangu, ulikuwa umelala hapo karibu nami mpaka ningeweza kukugusa, na nikaacha wakuite mlevi. Nimeandika leo kwa simu kile ambacho jana nilikuwa nimepewa mike nikiseme. Lala kwa amani, rafiki. Ulistahili kunisikia.