Mashine Niliyoichagua kwa Kuinyanyua

Nimeibeba aibu hii miezi minne na leo naitoa mwenyewe, maana hapa mtaani Mowlem kila mtu anaisimulia na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, juzi nimesikia eti nilirushwa hadi juu ya paa la shule. Sikurushwa. Nilibaki kwenye kiti muda wote, na bora ningerushwa.

Mimi ni mchonga vinyago, nilifunzwa na marehemu baba kule Ukambani na siku hizi nina kibanda changu Majengo. Baba aliniachia sheria moja ya kuchagua gogo: linyanyue, likikutoa jasho lichukue, likiwa jepesi liache. Sheria hiyo imenilisha miaka ishirini (mimi, mke wangu, binti yetu Mwende na wadogo zake wawili), kwa hivyo msinicheke mapema.

Sasa, kikundi chetu cha mtaa kina katrekta kadogo ka kuvuta tela la takataka. Shule ya jirani ilikuwa imepogoa miti yake yote, rundo la matawi likafika madirishani, na mwalimu mkuu akatuambia tukileta ile mashine ya kusaga matawi inayofungwa nyuma ya trekta, naye akaiona ikifanya kazi, basi kazi hiyo itakuwa yetu kila muhula. Tuliitaka kazi hiyo kufa kupona. Wenzangu wakanituma mimi nikachague mashine, kwa sababu moja tu, eti mimi ni mtu wa mbao.

Baba mkwe wangu, Mzee Wekesa, alikuwa fundi wa injini za reli mpaka alipostaafu, bado anakaa Makongeni. Alinipigia simu mwenyewe. "Mkwe, nikusindikize?" Nami, nikiwa nimejilaza kwenye kochi, nikamjibu, "Wewe pumzika tu, mzee, haya ni mambo ya mbao." Mkasa wote ulizaliwa hapo.

Dukani dada muuzaji akaniuliza, "Trekta yenu injini yake ina nguvu kiasi gani? Na nyuma inabeba kilo ngapi?" Sikujua, na kwa kuwa sikujua nikajifanya sijasikia. Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza niliishika pembeni ikanyanyuka kwa mkono mmoja, nikaidharau. Ya pili ilitingishika kidogo. Ya tatu niliivuta mpaka mishipa ya shingo ikanisimama na haikusogea hata unywele, nikasema nipakilie hii. "Hiyo ni ya trekta kubwa, mzee," akasema. Nikacheka, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Ikafika Jumamosi. Hema limesimama, soda ziko mezani, mwalimu mkuu yuko kwenye kiti cha mbele, mchungaji amekuja kuiombea mashine (kwetu hata jiko la gesi huombewa), na mafundi wameshaifunga nyuma ya trekta ikiwa imekaa chini. Mzee Wekesa alikuwepo, na mama mkwe pia. Hapa lazima niwaeleze: kwao Bungoma, mume wa binti na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawashikani mikono. Miaka kumi ya ndoa, mimi nilimjua mama mkwe kwa viatu vyake.

Tukasema amina. Nikapanda, nikawasha, nikavuta wenzo wa kuinua mashine ili niisogeze kwenye rundo. Mashine haikuinuka. Tuliinuka sisi. Magurudumu ya mbele yaliachana na ardhi taratibu, kama mbuzi anayesimamia miguu ya nyuma kufuata majani, nikajikuta natazama mawingu. Kijana mmoja akasema, "Buda, hayo maombi yameshika." Mzee Wekesa akapaza sauti, "Shusha, mkwe, rudisha wenzo!" Mimi kwa woga nikauvuta zaidi.

Kina mama wakakimbia kuning'inia mbele ili trekta irudi chini, na wa kwanza kufika, mwenye mwili wake na ujasiri wake, alikuwa mama mkwe. Magurudumu yakatua. Nikashusha macho, na mbele yangu, hatua mbili tu, ukawa uso wake wote. Nikageuza kichwa upesi kama mkwe aliyelelewa vizuri, mguu ukateleza ukaachia klachi, na trekta ikaanza kutambaa kuelekea hema huku dereva akitazama choo cha wavulana. Wengine waliruka. Mama mkwe alijua akiachia tu, mbele kutapanda tena, akabaki.

"Baba Mwende," akasema, kwa sauti ya utulivu kabisa. "Nitazame. Heshima tutaimalizia nyumbani."

Nikamtazama. Ni mke wangu kabisa, ila ana miwani. Nikakanyaga breki ikashika, lakini gurudumu lilikuwa limeshakata kamba ya hema, na hema likamlalia mwalimu mkuu, mchungaji na soda zote. Hakuna aliyeumia. Mwalimu mkuu akatoka amelowa kifuani, akasema tu, "Matawi naona bado yapo."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikasimama nikawaambia trekta haina kosa, kosa ni langu mimi niliyeambiwa nikakataa kusikia. Nadhani hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu mwalimu alitupa mpaka Ijumaa. Jumatatu nikaenda dukani na Mzee Wekesa, ana karatasi yenye kila namba aliyoisoma kwenye trekta yetu, na yule dada akatubadilishia. Tulirudi na ile ya kwanza, ya mkono mmoja. Ijumaa ilimaliza rundo lote kabla ya chakula cha mchana, na kazi tukapewa.

Ikabaki heshima. Mzee aliniambia nipeleke mbuzi wa kuondoa ule mwiko wa kutazamana, Makongeni kwa mama mkwe, nikampeleka mwenyewe. Mama mkwe akatoka mlangoni, akamzunguka mbuzi, kisha akanitazama usoni.

"Huyu umemchaguaje, baba?"

"Nilimnyanyua, mama."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo tunasalimiana, na mimi nimeapa: nitanyanyua magogo na mbuzi, lakini chochote chenye injini, kwanza nampigia simu mzee.