Shairi Lililomfaa Kila Marehemu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba vina na mizani vikikaa sawa, shairi limekamilika. Nilijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza redio, nikasugua shairi moja la maombolezo hadi likang'aa, na katika kila matanga nikabadilisha jina tu. Kule Chakol watu walilia. Kule Sigalame walilia. Nikajiona bingwa.

Kisha Nafula, muuza samaki wa Malaba, mpakani, akaniomba nimtungie marehemu mama yake shairi. Siku ya mazishi, kule Funyula, nilisimama kando ya jeneza nikaanza kwa sauti nzito: "Taa yetu imezima..."

"Giza limetufunika!" kwaya ikamalizia. Ilikuwa kwaya ileile iliyoimba Chakol na Sigalame.

"Endelea, boss, tunakusaidia!" mzee mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka, jeneza likiwa pale pale.

Nafula hakucheka. "Kaka, hiyo taa ni ya kila mtu. Mama yangu alikuwa anagombeza askari wa mpakani hadi wanambebea samaki. Yeye yuko wapi hapo?"

Hakuwemo.

Siku hizi nauliza kwanza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mizani nahesabu baadaye.