Matundu ya Hewa ya Karavani

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya kambi moja ya watalii nje ya Voi, mzee mmoja mstaafu alipoingia na mkewe. Wana karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, wanayoiegesha pale kambini kwa ajili ya likizo.

"Nani amebandua seloteipu niliyozibia matundu ya hewa?" mzee aliuliza, akigonga kaunta kwa kidole.

"Ni mimi, mzee wangu," akajibu meneja, mwanamke wa makamo. "Sheria ya kambi hairuhusu. Mnapikia gesi humo ndani."

"Vumbi la Voi si unalijua? Na hiyo karavani ni yangu, sikuikodi."

"Ni yako. Lakini gesi ikiwaka mahali pasipopita hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Mnaweza kulala msiamke."

Mzee alicheka, akamgeukia mkewe amuunge mkono. Mama hakucheka.

"Kumbe ndiyo maana," alisema polepole. "Kila nikipika humo, kichwa kinaniuma na miguu inalegea. Nikitoka nje, napata nafuu. Nilidhani ni uzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ni jua."

Mzee akamuuliza meneja kwa sauti ya chini, "Na yale matundu niliyoziba chini ya kabati, mliyaona?"

"Hatukuyaona."

Alitoka haraka bila kuaga. Wengi wetu tukishamiliki kitu, tunadhani sheria ni za wapangaji. Dirishani nilimwona mama amesimama nje ya karavani, mikono kifuani, akikataa kuingia hadi tundu la mwisho lizibuliwe.