Nilivyompigia kelele mudir kwa sababu ya kandege, Lusail

Wakuu, amani kwenu.

Mimi humu ni wa kusoma kimya kimya, leo nimeamua kufungua uzi. Wale wa kusema "hii chai" nawaelewa, hata mimi ningesema hivyo. Lakini nilikuwepo.

Nipo Doha, ni mlinzi. Nalala Muaither, kazi ipo Lusail kwenye mradi wa jengo refu karibu kabisa na bahari. Nasimamia geti na parking ya muda, kokoto tupu.

Haya yalinikuta nikiwa probation. Walioko Ghuba wanajua, kipindi hicho ukiteleza kidogo tu unakatiwa tiketi ya kurudi. Na mke wangu kule Tanga alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Sikuwa na kazi ya kuchezea.

Baridi ilikuwa inaisha, Ramadhani imeingia. Msimu huo ndege wanapita pwani hii kwa wingi mno. Asubuhi heroe wamesimama kwenye maji madogo, mbayuwayu wanapita chini chini juu ya uzio. Nikawa nawapiga picha namtumia mke wangu. Ananijibu, "Umeenda kazini au kutalii?"

Sasa kulikuwa na kamoja kadogo, rangi ya mchanga, tumbo jeupe. Kwetu hawa wadogo wa ufukweni wote tunawaita vitwitwi.

Siku moja nakatiza parking nikakaona kanaburuza bawa, kanalia. Huruma ikanishika. Nikakafuata na maji kwenye kifuniko cha chupa, kanajikokota mbele yangu mpaka kwenye uzio. Pale kakaruka, kazima kabisa, kakaenda zake.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nimefunga, jua linawaka, nakimbizana na ndege.

Supervisor wangu Wekesa, Mkenya wa Bungoma, alikuwa ananitazama kutoka kibandani.

"Buda, hii njaa imekuingia kwa kichwa. Hako kandege kanakucheza!"

Iliniuma, lakini kweli nilikuwa nachezewa. Siku iliyofuata sikukafuata, nikajibanza nyuma ya kontena. Kakarudi kwa miguu mpaka katikati ya kokoto, kakalala. Kusogea naona mayai matatu, rangi ile ile ya mawe. Kumbe kuburuza bawa ni maigizo, kananitoa kwenye mayai. Tena safu ya kwanza ya magari, pale wanapogombania wote! Yalivyosalimika mpaka siku ile Mungu ndiye anajua.

Hapo ndipo nilipojitafutia balaa. Nikachukua koni nne na utepe, nikazungushia.

Wakuu, koni huku zina heshima kuliko mlinzi. Mtu akiziona anajua kuna mkubwa aliyeagiza. Mainjinia wakaenda kupaki mbali bila neno. Mmoja tu aliniuliza kazi inaisha lini, nikamjibu karibuni, inshallah. Na sikusema uongo.

Wekesa alijua. "Mimi sijaona kitu," akaniambia. "Ukiulizwa, hiyo ni story yako."

Kuanzia hapo kila gari jeupe la wakubwa likiingia, najisogeza mbali na zile koni. Nilishakuwa na majibu kumi kichwani na yote mabovu.

Asubuhi moja nafika, kishimo cha mayai kitupu. Hata ganda hakuna. Nikajua paka kashapita. Nikaanza kufungua utepe kwa hasira, machozi yananilenga, na sioni aibu kusema.

Ndipo mudir akaingia. Huyu ndiye mkuu wa mradi mzima, akikohoa watu wanakaa sawa. Akashuka, akavuka utepe, akasimama katikati ya koni zangu. Wekesa akaja mbio.

"Nani ameweka hizi?" akauliza kwa Kiingereza chake.

Wekesa akainamia buti zake. Nikasema ni mimi, sir. Kwa nini? Ndege, sir, ana mayai. Yako wapi? Nikaonyesha kishimo. Kitupu. Sijawahi kujiona mjinga namna ile.

Akamwambia Wekesa aandike jina langu. Kichwani nikamuona mke wangu na tumbo lake amekuja kunipokea airport, nami mikono mitupu.

Pale pale kale kandege kakatokea, kanaburuza bawa, kelele juu.

"Miskin, kameumia," mudir akasema, akainua mguu kukafuata.

Akili ikanijia. Kwa nini kaigize kama hakana cha kuficha? Basi vifaranga vipo, na vipo chini ya miguu yetu.

"WAGIF!"

Yaani simama, ile sauti ya kusimamishia malori, na kiganja nimekiinua mbele ya uso wake.

Mudir akaganda mguu mmoja juu. Wekesa mdomo wazi.

Nikapiga magoti. Natafuta, sioni. Kokoto tu. Jasho linaingia machoni, nikaanza kuamini nimejimaliza bure. Halafu jiwe moja likahema. Kifaranga, kimelala bapa, pale pale kiatu kilipokuwa kinashukia. Pembeni yake cha pili.

"Mayai yalikuwa mangapi?" mudir akaninong'oneza.

"Matatu, sir. Cha tatu sikioni."

Basi yule bwana mkubwa akavua viatu. Akavishika mkononi, akatoka kwa soksi akipapasa kila hatua, kokoto zikimchoma anasema "akh". Wekesa naye akavua buti. Na mimi. Wanaume watatu tunanyatia kwenye kokoto, huku ndege anatutukana.

Alipovuka utepe akavaa viatu, akaniambia nisithubutu kumpigia kelele tena maishani. Kisha akamwambia Wekesa alifute lile jina, na koni zibaki.

Jioni niliviona vyote vitatu na mama yao, vimeshahamia upande wa bahari. Nikakusanya koni.

Baada ya futari nikampigia mke wangu kumsimulia, nikitegemea atacheka. Akasema, "Na wangekurudisha, mimi ungeniambia nini?"

Nikageuza maneno, nikamuuliza habari za kliniki.

Funzo nililobeba ni kwamba huruma ina gharama, na mara nyingi anayeilipa hata hakuulizwa.

Haya, uwanja wenu. Ungekuwa wewe ungepiga kelele au ungenyamaza? Ila jibu kama mtu aliye probation na mke mjamzito, usijibu kama mtu aliyelala kwenye sofa.