Mwasumini wa Mama Pasi Haukatwi

Asubuhi na mapema, dobi anafunua mashuka aliyoyakunja jana jioni na kutoa maua ya asumini yaliyolala katikati ya mikunjo. Jana yalikuwa matumba. Usiku yamefunguka humo humo, na chumba kizima kinanukia.

"Ukichuma yaliyokwisha kufunguka umechelewa. Harufu imeshakwenda kwa jirani," anasema, akiifuta pasi.

Majirani humwita Mama Pasi. Ni mjane wa miaka hamsini na sita, na pasi hiyo imewasomesha mabinti zake wawili. Madobi wamejaa mjini, tena wenye mashine za umeme. Wanaovuka mitaa mitatu kumletea yeye mashuka wanafuata harufu.

Sasa mwenye nyumba anataka mwasumini ukatwe kabla ya mwisho wa mwezi. Anadai unapasua ukuta.

Ugomvi umezaliwa na neno moja. Miaka minane iliyopita, Mama Pasi alipoomba ruhusa, mwenye nyumba alimjibu: "Panda utakacho, mradi kisipande ukuta wangu."

Basi akapanda. Mche ulipoanza kutafuta pa kushika, akasimika nguzo mbili na kuutandikia waya wa kuanikia nguo. Kila Jumapili huvirudisha vitawi vyake wayani, huku akivigombeza kama watoto watoro.

"Mimi nimeupanda, na wenyewe unapanda waya. Ukuta wake umeguswa na nani?"

Kati ya majani na ukuta mkono unapita. Mwandishi wa habari hizi aliupitisha wake. Ufa upo, kweli, ila umeanzia juu kabisa, chini ya bati linalovuja.

Kwa simu, mwenye nyumba alishikilia lake: "Nyumba ni yangu. Nikisema ukatwe, ukatwe."

Wifi yake Mama Pasi, anayemsaidia kukunja, amechoka na vita hivi. "Wifi, kata tu yaishe. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe niende wapi? Nikikata huo, kesho tutakunja nini, mikono? Hapa kilichokatwa ni shauri."

Ana hasira, na haifichi. Pembeni pana nguzo mbili mpya na waya uliozungushwa. Anataka kuuvusha mwasumini juu ya njia ya kuingilia uani, uwe kama mlango wa majani. Ni njia moja tu, na mwenye nyumba ni mwanamume mrefu.

"Nimepima kwa kimo changu mimi," anasema, akiinua pasi. "Akija na panga lake, ainame kwanza."