Miwani Iliyomkagua Refa

Miwani niliyoitengeneza kwa mikono yangu iliniambia kwamba baba mkwe wangu ana jicho moja tu.

Iliniambia sebuleni kwake, mbele ya nusu ya ukoo, siku niliyokwenda kuomba kumuoa binti yake. Sikuwa nimeiuliza.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni fundi. Karakana yetu inatengeneza miwani inayokuonyesha maneno na picha juu ya vitu halisi unavyoviona. Ukiangalia kitufe, kinafunguka. Hushiki chochote, unaangalia tu.

Sasa miwani inajuaje unaangalia wapi? Wengine wanaweka kamera ndogo inayochungulia jicho. Sisi kamera hatutaki, inakula betri na watu hawapendi kuchunguliwa. Tunaweka vidude vya chuma, vidogo kama kichwa cha pini, puani na pembeni mwa macho. Jicho la mtu lina umeme kidogo sana. Likigeuka, ule umeme unahama, na vidude vinausikia. Hakuna uchawi hapo.

Shughuli ni kumweleza hivyo baba wa mchumba wako.

Mzee alikuwa refa wa mpira kabla hajastaafu. Mtaa mzima unamwita Filimbi. Akikukazia macho unajikuta unataka kuvua kofia hata kama hukuvaa.

"Kwa hiyo unauza miwani," akaniambia.

"Siuzi mzee, natengeneza. Inajua mtu anaangalia wapi."

"Mimi mwenyewe najua ninaangalia wapi. Itanisaidia nini?"

Shangazi yake mchumba wangu akacheka mpaka chai ikampalia. Mchumba wangu akainamia zulia.

"Umeileta?"

"Ipo kwenye begi."

"Nivalishe hapa hapa. Ikifanya kazi, tutaongea habari ya binti. Isipofanya, mlango unaujua. Simtoi mwanangu kwa mtu wa kazi za hewani."

Moyoni nikasema, hii ni penalti bila kipa. Miwani ile tulikuwa tumeijaribu kwa kila aina ya mtu, mpaka mpishi wetu anayeongea huku anatafuna.

Nikamvalisha. Kwenye simu yangu zinatokea nukta mbili, moja ya jicho la kushoto, nyingine ya kulia. Macho yakienda, na zenyewe zinaenda.

"Mzee, angalia dirisha."

Nukta ya kushoto ikakimbia. Ya kulia ikabaki imelala.

"Sasa angalia mlango."

Vile vile.

Nikafuta vidude kwa pamba na spiriti. Nikakaza skrubu. Nikabadilisha betri. Nukta ya kulia imelala fofofo.

Nikatoa miwani ya pili, ile ninayovaa mwenyewe kila siku. Nikaivaa kwanza, nukta zote mbili zikacheza vizuri. Nikamvalisha mzee, ya kulia ikalala tena.

"Imekufa?" akauliza baba mdogo, mdogo wake mzee, mtu mwenye kicheko cha spika. "Tuagize jeneza?"

Sebule ikaangua kicheko. Mimi jasho linanitoka mpaka kwenye kope.

Nikainama karibu kabisa na uso wa mzee nikamwambia ageuze macho tena. Yakageuka pamoja, kushoto, kulia, bila kasoro. Kamera yoyote ingedanganyika. Ila la kulia liling'aa kidogo kuliko mwenzake, na umeme halikuwa nao hata chembe.

Hapo nikaelewa. Jicho lile ni la bandia.

Na mzee akajua kwamba nimeelewa. Akanishika mkono taratibu.

"Kijana," akanong'ona.

Jamani, nilibanwa. Ningeweza kugeuza simu nikawaeleza wote kwamba miwani ni nzima, tatizo ni mvaaji. Ningelinda jina langu la ufundi, na binti ningepewa, maana sharti ni sharti. Lakini yule mzee aliyetisha mtaa mzima, alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nikazima simu.

"Mnisamehe sana. Miwani ni mbovu. Niliharakisha kuileta."

"Si mnaona?" akasema shangazi. "Kazi za hewani."

Mchumba wangu alikuwa bado amenikazia macho. Nikakusanya vidude vyangu huku nikijiambia, ndiyo basi tena, nimempoteza. Nilitaka kulia, siwafichi.

Mzee akanisindikiza mpaka getini. Tulipofika akageuka kuhakikisha hakuna anayesikia.

"Umejuaje?"

"Jicho hai lina umeme, mzee. La bandia halina."

Akaguna. "Nilipigwa mpira usoni nikiwa kijana, sijaoa bado. Nimechezesha ligi na hili hili. Mashabiki kila wiki wananipigia kelele, refa kipofu, refa kipofu. Nilikuwa naogopa, nasema nani kaniuza?"

Nikajizuia kucheka, nikashindwa. Na yeye akacheka.

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari. Na sasa wewe. Hata mke wangu hajui." Akashika geti. "Sharti lilikuwa miwani ifanye kazi. Imefanya. Mimi ni refa, siwezi kukataa goli nililoliona. Jumamosi uje, tuongee habari ya binti."

Jumamosi nikaenda. Nilipokuwa naosha mikono jikoni, mama mkwe akaingia na kurudishia mlango.

"Mwanangu, asante kwa kusema miwani ni mbovu."

Nikajifanya sielewi. "Ilikuwa mbovu kweli, mama."

"Niache mie. Nimelala na yule mwanaume tangu usichana wangu. Yeye anakoroma, lile jicho linanitazama."

Nikafunga bomba. "Sasa mbona humwambii?"

"Anajisikia vizuri akijua sijui. Nimwambie ili iweje?"

Kisha akanimalizia. Shangazi anajua. Baba mdogo anajua, ndiyo maana alicheka kwa nguvu vile, watu wamwangalie yeye. Mchumba wangu anajua tangu utotoni, na siku ile alikuwa ananiomba kwa macho nisiropoke. Sebule nzima ilikuwa inasubiri kuona ni mtu wa namna gani anataka kuingia kwenye familia yao.

"Na wachezaji je?" nikauliza.

"Wote walijua. Faulo zao zote walichezea upande wake wa kulia."

Tulioana. Mpaka leo mzee anaamini siri ile ni ya kwetu wawili. Nikiingia kwake tu ananikonyeza, na anakonyeza kwa lile lile la bandia. Nikigeuka nakuta wengine wote wameangalia dari.

Nami nawaachia hili. Mimi ndiyo kazi yangu kujua mtu anaangalia wapi, na kwa kazi hiyo nilikuwa najiona mjuzi. Ila kwenye sebule ile nilikuta watu waliompenda mzee miaka yote kwa kuangalia pembeni, nikaona bado sijajua kitu.