Kadi ya Mhandisi Mniko

Zablon Mniko hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula akizungukazunguka, sahani mkononi, na wenzake, mafundi wa jua kali nyuma ya soko la Migori, walishazoea kuongea na mgongo wake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza jenereta na mashine za boti, na kazi aliijua, simsifu bure. Kilichomsumbua ni jina. Siku moja alikuwa ameziba kwa gundi tangi la mafuta lililotoboka, na kuanzia hapo mji mzima ukamwita Fundi Gundi. Watoto waliliimba hilo jina, makonda wakalipigia mbinja. Kila alipoitwa hivyo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Basi mwaka wa tisini na sita, akiwa Homa Bay kufufua boti ya mtu, akaja bwana mmoja mwenye kofia safi akasimama kumtazama mpaka mashine ikanguruma. Huyo alikuwa Mayaka, msimamizi wa kambi ya wageni kisiwani Takawiri.

"Natafuta mtu wa kuziangalia jenereta na boti zangu mwaka mzima," akasema. "Hebu nipe kadi yako."

Kadi! Zablon akajipapasa mifuko kama mtu aliyeibiwa, ilhali alijua fika kwamba hana. Mayaka akacheka kidogo. Akasema Jumatatu atakuwa hapo tena, amletee.

Kesho yake asubuhi Zablon alikuwa mlangoni kwa Sharif, mchapaji wa kadi za harusi pale Migori, kabla hata duka halijafunguliwa. Akaanza kumtajia akiwa bado amesimama: jenereta, mashine za boti, pampu za maji, kuchomelea, redio.

"Redio pia?" Sharif akauliza.

"Redio naweza."

"Ndugu yangu, hii ni kadi, si gunia. Mtu ataitupia jicho mara moja tu. Aone wewe ni nani, unafanya nini, unapatikana wapi. Yatosha."

Zablon akakubali shingo upande. Redio ikatoka, pampu zikatoka, kadi ikaanza kupumua. Lakini walipofika kwenye jina, akasema iandikwe Mhandisi Z. R. Mniko, kwa herufi kubwa.

Sharif akaweka kalamu chini. "Hapo sokoni nani anakujua kwa hilo? Weka na Fundi Gundi, hata kwa herufi ndogo pale chini. Mgeni akija kuuliza..."

"Usiniharibie kadi, Sharif! Nimechoka na hiyo gundi!"

Haya, mwenye kadi ndiye mwenye pesa. Zikatoka nyeupe pepepe, maandishi ya buluu, na jamani zilipendeza. Jumatatu Mayaka akaisoma yake, akaitia kwenye pochi. "Ijumaa naja Migori kununua vipuri. Nitakupitia tuondoke pamoja."

Ijumaa hiyo! Zablon alivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Hakumwambia mtu neno, maana aliogopa kuchekwa mambo yakiharibika. Kila gari lililosimama aliinuka. Kila lililopita aliketi, kisha akainuka tena. Mama Chai, aliyepikia hatua chache tu kutoka kwenye benchi lake, akamuuliza kama ana siafu ndani ya suruali. Jua lilipofika utosini uvumilivu ukamwisha, akatoka kwenda kumtafuta Mayaka mwenyewe. Akazunguka steji ya matatu, akaingia maduka ya vipuri, akachungulia hotelini. Hola, hakumwona. Akarudi jasho likimtiririka.

"Umekosa sinema!" Mama Chai akamwambia, akisuuza vikombe. "Kuna mtu mkubwa alikuja na kikadi anatafuta mhandisi fulani, Mniko. Nikamwambia, baba, hapa hakuna wahandisi, kuna mafundi tu. Boaz wa kuchomelea naye akamwambia Mniko anayemjua yeye ni marehemu. Aki tulimhurumia! Mwishowe ameenda zake na fundi wa kule steji."

Mwaka mzima wa kazi ulikuwa umefika mpaka kwenye benchi la Zablon, na watu wake mwenyewe wameurudisha.

"Ni mimi!" akapiga kelele, sauti ikimkatika. "Mniko ni mimi! Mama Chai, miaka yote hii nakunywa chai yako, asubuhi na jioni, kumbe hata jina langu hulijui? Mimi ni mtu au ni jiko?"

Boaz akazima mashine yake. Mama Chai akabaki na kikombe mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

"Omera, ndugu yangu, pole," akasema. "Wallahi sikujua. Ningejua ningemshika mkono nimkalishe hapa mpaka urudi." Halafu uso wake ukabadilika, si kwa hasira. "Lakini hebu nikuulize, Mniko. Mimi naitwa nani?"

Zablon akafungua mdomo. Akatazama sufuria, akatazama vikombe, akamtazama Boaz, na Boaz akainamisha kichwa.

"Mama Chai," akasema kwa sauti ndogo.

"Hilo ni la biashara. Naitwa Truphena."